Vistari Nilivyovipaka Wino Mweupe: Kumbukumbu za Gitaa la Kale la Waitalia

Sifa zimrudie Mungu, aliyempa kondoo utumbo, akaupa mti ubao, akampa mwanadamu vidole kumi, kisha akatuachia sisi kazi ya kuvikutanisha mpaka viimbe. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu nikiwa na vidole ambavyo bado vinaweza kufunga fundo dogo. Ningekuwa na ulimi wa pili, huo pia ningeutumia kumshukuru.

Vijana wangu mnaopiga gitaa katika kwaya yetu, mara nyingi baada ya ibada mmeniuliza, "Papa Anselme, ni kweli ulikuwa unatengeneza magitaa ya wafalme?" Wafalme sikuwahi kuwaona. Nilifanya kazi miaka mingi katika karakana moja ndogo hapa Ixelles, Brussels, mwendo mfupi kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa fundi aliyeitwa Joris, niliyemwita Patron, yaani bosi. Alikuwa Mflamandi mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Tulitengeneza na kukarabati magitaa ya namna ile yaliyopigwa Italia karne nyingi zilizopita: madogo, membamba kiunoni, yenye jozi tano za nyuzi. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kuipoteza kazi hiyo kabla sijaipata, kwa sababu ya usafi.

Kwanza niwape jambo la mikono, maana maneno matupu hayafungi uzi. Gitaa la kale halina vyuma shingoni kama yenu. Unachukua uzi wa utumbo wa kondoo na kuufunga kuizunguka shingo, mmoja kwa kila hatua ya sauti. Siri yake ni hii: ufunge karibu na kichwa, mahali shingo ilipo nyembamba, halafu usukume taratibu kuelekea kwenye tumbo la gitaa. Shingo inanenepa kadiri unavyosukuma, kwa hiyo uzi unajikaza wenyewe. Ncha zilizobaki unazigusisha moto kidogo mpaka zifanye kitone cheusi, ili fundo lisifunguke. Wiki yangu ya kwanza sikuijua siri hiyo. Nilifunga kwa nguvu zangu zote, mguu nimeuegemeza mezani. Patron alinitazama juu ya miwani yake.

"Anselme," akasema, "hilo si mbuzi. Halitakimbia."

Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya tisini pamoja na mke wangu Béatrice, ambaye nyote mnamfahamu kama Maman Béa. Binti yetu Furaha, wa miaka minane, tulimwacha Bukavu kwa bibi yake. Tulidhani ni kwa miezi michache. Karatasi za kumleta zilihitaji niwe na mkataba wa kazi, nami nilikuwa nikiokoteza vibarua: leo kusafisha sakafu za hospitali Jette, kesho kubeba makochi ya watu wanaohama. Patron alinichukua kwa majaribio. Akaniambia waziwazi, "Kuna tamasha siku ya Jumamosi kabla ya Pentekoste. Likienda vizuri, nitapata kazi za kutosha mafundi wawili, na nitakuandikia mkataba. Likienda vibaya, bon, nitabaki peke yangu." Basi mkataba ule ulikuwa ndiyo tiketi ya Furaha. Kila nilipofunga fundo nilimwona yeye upande wa pili wa uzi.

Sasa niwaeleze yale maandishi. Waitalia wa kale waliokuwa wakipiga gitaa hawakujali sana nota. Walichukua akordi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wakaipa kila moja herufi. Msidhani A yao ni la, kama mnavyoona katika vitabu vya leo. A yao ni sol, B ni do, C ni re, na wanaendelea hivyo. Herufi haitaji jina la sauti. Inakuambia uviweke vidole vyako vya kushoto hivi na si vile. Na kabla ya A, mwanzoni kabisa mwa orodha, kuna msalaba. Ndiyo, msalaba! Ni mi ile ya huzuni, vidole viwili tu, rahisi kuliko zote. Patron alinieleza kuwa vitabu vya watoto wao vya kujifunzia kusoma vilikuwa vinaanza na msalaba, ndipo A. Nikasema moyoni, watu hawa nitaelewana nao.

Na kweli niliwaelewa siku hiyohiyo, kabla hajamaliza kunieleza. Akashangaa.

"Nani amekufundisha?"

"Papa Zakaria," nikajibu.

Papa Zakaria alikuwa katekista na mpiga gitaa wa parokia yetu Bukavu, mtu wa sauti nzito na viatu vizito. Hakujua nota hata moja, na kwaya yake ilikuwa inaimba nyimbo mia. Aliyapa maumbo ya mkono wa kushoto majina ya vitu vya nyumbani: Kiti, Jembe, Mlango, Kuku. Katika daftari la nyimbo, juu ya maneno, alichora kiti kidogo, halafu jembe, halafu kiti tena. Mtoto asiyejua kusoma alifungua daftari na kupiga zaburi nzima. Kwa hiyo nilipoiona C ya Waitalia na kuweka vidole, nilikuta ni Kiti chetu. Ni kilekile! Mungu alikuwa amewafundisha watu wawili somo moja, mmoja Italia, mwingine Kivu, wala hawakuwahi kuonana.

Lakini Papa Zakaria alikuwa na sheria moja: mkono wa kulia hauandikwi. Mkono wa kushoto unaweza kuchorewa, lakini ule unaopiga, unaoshuka na kupanda juu ya nyuzi, unajua wenyewe. Kumwandikia mtu mkono wa kulia ni kama kumwandikia namna ya kutafuna. Shikeni jambo hili, maana ndimo shimo langu lilimochimbwa.

Tamasha lile lilitegemea kitabu kimoja cha kale, kilichoandikwa kwa mkono, cha mzee mmoja wa Uccle tuliyemwita Monsieur Armand. Alimruhusu Patron kukitolea fotokopi, kisha akakifungia kabatini na kwenda kusini kupumzisha mapafu yake hadi siku ya tamasha. Fotokopi zilitoka chafu, zimejaa madoa ya karatasi kuukuu. Patron aliyaona maandishi yangu, ambayo ni mazuri kwa sababu masista walinichapa mpaka yakawa mazuri, akanipa kazi: nisafishe fotokopi kwa wino mweupe wa kufutia, halafu nizinakili upya kwa ajili ya mpigaji.

Nilifanya kazi hiyo kwa sala. Sikuacha doa. Na kila mahali, kando ya herufi, niliona mstari mrefu wenye vistari vidogo, vingine vinaning'inia chini yake, vingine vimesimama juu yake, kama meno ya kitana kilichovunjika. Nikawaza: kalamu ya mzee fulani ilikuwa inavuja, au alikuwa anapima mistari ya kuandikia. Nikavipaka wino mweupe vyote. Kurasa kumi na nne! Nilipomaliza zilikuwa nyeupe kama kanzu za Ekaristi ya Kwanza.

Siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya tamasha, mpigaji akaja karakanani kufanya mazoezi. Jina lake Lieve, msichana wa Ghent mwenye nywele fupi, na kila kitu alikifanya haraka, hata kunywa kahawa. Akapiga wimbo wa kwanza huku akiimba: herufi zilikuwa juu ya maneno, mahali pake, na wimbo ukatembea. Nikatabasamu. Halafu akafungua ukurasa wa ngoma. Kitabu kile kilikuwa na ngoma nyingi, yaani muziki wa kuchezea, zisizo na maneno, na tamasha lilikuwa lifunguliwe na lifungwe kwa ngoma. Akaitazama karatasi. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Monsieur Anselme, mapigo yako wapi?"

"Mapigo gani, Mademoiselle?"

"Vistari! Kinachoning'inia chini, mkono unashuka. Kinachosimama juu, mkono unapanda. Hapa kuna A, B, A, lakini nazipiga mara ngapi? Namna gani? Umenipa mifupa ya samaki!"

Patron akavua miwani. "Ah, zile fotokopi," akasema. "Mashine ya pale dukani ni mbaya sana. Itakuwa imevila."

Vijana wangu, mnaona mlango ulivyofunguliwa? Sikuhitaji kusema uongo hata mmoja, ilitosha ninyamaze. Mashine haina mke wala binti. Nilisimama pale, gundi ikinikaukia vidoleni, nikamkumbuka Papa Zakaria. Alikuwa akituambia kwayani, "Ukikosea, ukosee kwa sauti. Anayekosea kimyakimya anaiharibu kwaya nzima, maana hakuna anayejua pa kumsaidia."

"Si mashine, Patron," nikasema. "Ni mimi. Nilidhani ni uchafu. Kwetu mkono wa kulia hauandikwi."

Patron akafuta miwani yake kwa aproni chafu, akaivaa, sidhani kama aliona chochote.

"Monsieur Armand anarudi Jumamosi yenyewe," akasema. "Kabati limefungwa. Anselme, una mpaka Ijumaa."

Hakunifokea. Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Asubuhi ya Alhamisi nilijaribu kuukwangua wino mweupe kwa wembe wa kukatia nyuzi. Ulitoka, lakini ukatoka pamoja na vistari. Mstari mzima wa ngoma ya mwisho ukawa unga mezani. Nikaacha mara moja. Nikazikusanya karatasi na kwenda saluni ya Maman Béa, Matonge. Sikuwa na mpango wowote. Mtu akiumia huenda mahali anapofahamika.

Saluni ilikuwa imejaa. Maman Béa alikuwa anasuka, mdomoni ameshika kitana. Katika kiti cha mbele alikaa Mama Zuwena, Mwislamu wa Bujumbura, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Wengine watatu walisubiri zamu. Mke wangu aliniangalia mara moja tu, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu:

"Anselme, sura gani hiyo? Bamekufukuza?"

"Bado. Ijumaa."

Nikawaeleza. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye wino mweupe, hapo wakaangua kicheko mpaka kiti kikalia.

"Donc ulisafisha muziki ya batu!" akasema Maman Béa. "Nyumbani sahani moja hauoshake, kule njo unasafisha kitabu ya Baitalia!"

Nilicheka pia, kwani ilikuwa kweli. Nikaziinua karatasi kwa kukata tamaa, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha kubwa la mbele. Mama Zuwena, aliyekuwa ameketi upande wa pili, akasema, "Papa Anselme, ngojea. Usiishushe hiyo karatasi. Mbona mimi naviona hivyo vistari vyako?"

Nikazunguka. Ilikuwa kweli. Wino mweupe ulikuwa umekaa juu, upande wa mbele. Kwa nyuma, penye mwanga, wino mweusi ulionekana ndani ya karatasi nyembamba kama mifupa ya mkono mbele ya taa. Vistari vyote vilikuwa hapo! Tatizo ni kwamba kwa nyuma kila kitu kilikuwa kimegeuka, mwisho umekuwa mwanzo. Nikakimbilia kioo cha saluni ili kinigeuzie tena maandishi, lakini kila nilipoielekeza karatasi kwenye kioo mwanga ulipotea, na nilipoupata mwanga nilimziba mteja.

"Papa, kioo cha nini tena?" akauliza Mama Zuwena. "Anza kulia uende kushoto. Sisi chuoni tulisoma Kurani hivyo tangu tukiwa hatujaota meno ya pili. Lete hapa. Béa, we suka tu, kichwa changu hakitaondoka."

Tukazibandika karatasi dirishani, uso umetazama barabara. Wapita njia wakawa wanasimama kusoma, wakidhani ni bei mpya za kusuka. Mama Zuwena akaanza kunisomea, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kusita hata mara moja: "Chini, chini, juu. Chini, juu, juu. Hapo kuna herufi kama kibanda. Chini, chini, juu." Nami naandika. Baada ya kurasa mbili, mmoja wa wale waliosubiri akaanza kupiga paja kwa kiganja: chini kwa kiganja, juu kwa vidole. Mwingine akaongeza kitana juu ya meza. Nikasikia ngoma ile ikifufuka, polepole, ndani ya saluni yenye harufu ya mafuta ya nywele.

"Eh!" akasema Maman Béa. "Baitalia banajua kucheza!"

Pale tulipokosea kuandika, mapaja yalitujulisha, maana pigo lilikwama na wote wakasema "Apana!" kwa pamoja. Hadi adhuhuri kurasa zote zilikuwa tayari, isipokuwa ule mstari niliougeuza unga. Mama Zuwena alikataa asante yangu. "Mshukuru Mwenyezi Mungu," akasema. "Mimi nilikuja kusukwa tu."

Siku ya Ijumaa Lieve akapiga kurasa zote. Patron alikaa kwenye kiti cha kazi akitikisa mguu, na mguu ule ulinipa matumaini. Akafika kwenye mstari uliokufa.

"Na hapa?"

"Huo niliuua kwa wembe, Mademoiselle. Sina cha kukupa."

Akanisogezea gitaa. "Kwenu mkono wa kulia hauandikwi, si ulisema? Basi nionyeshe usioandikwa."

Nikapiga. Niliweka herufi zao kwa mkono wa kushoto, A, B, C, A, na kwa mkono wa kulia nikaweka Jumapili ya Bukavu, jinsi Papa Zakaria alivyokuwa akiingiza kwaya mlangoni. Akanitaka nirudie. Akaniiga, akakosea, akaniiga tena. "Hiyo inabaki," akasema.

Tamasha lilikuwa katika kikanisa kidogo Uccle. Maman Béa alivaa kitenge chake cha sikukuu, na Mama Zuwena akaja naye, kichwa kimekamilika. Lieve alipiga vizuri sana, na ile ngoma ya mwisho watu waliisikiliza wakiwa wameegemea mbele. Baadaye mzee mwembamba mwenye fimbo alitujia. Ndiye Monsieur Armand, amerudi mchana ule.

"Joris," akasema, "kitabu changu nimekuwa nacho maisha yangu yote. Ule mstari kabla ya mwisho sikuwahi kuusoma vizuri. Ni uzuri wa kale kabisa! Leo huwezi kumpata mtu wa kutunga kitu kama hicho."

Patron akakohoa. Akanitazama. "Anselme, mwambie."

Kukiri mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, koo linakuwa limeshajua njia. Nikamwambia yote: wino mweupe, wembe, dirisha la saluni, Papa Zakaria. Mzee alisikiliza bila kupepesa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mapafu yake yaliyopumzishwa yakachoka tena, ikabidi Mama Zuwena amshike mkono na kumketisha.

Alipopata pumzi alisema, "Njoo kwangu Jumanne baada ya sikukuu. Utakinakili kitabu chote kutoka kitabu chenyewe, kila kistari. Ila, tafadhali, chupa yako ya wino mweupe uiache nyumbani."

Patron aliandika mkataba wiki hiyo, juu ya meza ileile ya gundi. Nilifanya kazi pale hadi alipostaafu, na kisha hadi nilipostaafu mimi. Siku hizi mashine zinasoma kurasa za kale na kusafisha madoa zenyewe, na mnaweza kukiona kitabu cha Italia ndani ya simu. Ni jambo jema, namshukuru Mungu. Lakini kabla hujafuta kitu usichokielewa, muulize mtu mmoja, na asipojua, muulize wa pili. Huenda wa pili amekaa saluni.

Furaha alifika kabla ya shule kufunguliwa mwaka uliofuata, amerefuka, ana aibu na baba yake. Siku ya kwanza hakutaka kuzungumza. Nikaweka mbele yake ukurasa nilioandika mwenyewe, na gitaa dogo kwenye magoti yake. Akaunyooshea kidole mwanzo wa orodha.

"Papa, hii musalaba ni ya nini?"

"Ni mahali pa kuanzia. Weka vidole viwili, hapa na hapa."

"Na hivi vimeno?"

"Hivyo ni mkono wa kulia. Teremsha."

Akateremsha mkono, na gitaa likalia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki katika kuingia kwako na kutoka kwako. Akiandika jambo maishani mwako usilolielewa, akupe subira usilifute. Na ukikosea, akujalie ukosee kwa sauti, mchana, mbele ya watu watakaocheka kwanza kisha wakusogezee kiti. Uliye mbali naye akurudishie salama, kama alivyonirudishia wangu. Amina.